Mwaka Mama Yao Alipokuwa Mwanza

Mwaka mke wangu alipochaguliwa kwenda Mwanza kwa mafunzo ya ukunga, mimi nilikuwa bwana afya wa kata, na kazi yangu ilikuwa kuingia katika nyumba za watu na kuwaeleza wamekosea wapi. Nilikagua vyoo, majiko, mashimo ya taka na vichanja vya kuanikia vyombo. Nilitembea kwa miguu, maana baiskeli huku kwetu Marangu ni mzigo: ukipanda unaisukuma, ukishuka unaizuia isikuue. Watu walipeana habari kwamba naja. Nikiwa bado kwa jirani nilisikia mifagio ikianza kazi upande wa pili wa migomba.

Nyumbani kwangu sikukagua kitu. Mke wangu alikuwa muuguzi katika zahanati, na nyumba yake ilikuwa safi kuliko zahanati yenyewe. Tulikuwa na mabinti wanne. Wa kwanza alikuwa na miaka kumi na minne, mpole wa sura, lakini alitaka kila jambo lifanyike kama alivyosema yeye. Wa pili, mwenye kumi na mmoja, alikuwa mbishi kiasi cha kubishana na redio. Wa tatu alikuwa na tisa, hasemi sana, na muda wake mwingi aliutumia zizini na ng'ombe wetu wawili, ambao nadhani aliwapenda kuliko sisi. Kitinda mimba alikuwa na mitano, na alikuwa na maswali.

Barua ya mafunzo ilipofika, mke wangu aliniuliza kama nitaweza. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mzima, Januari mpaka Disemba, na kwa usafiri wa siku zile Mwanza haikuwa mahali pa kwenda na kurudi. Nilimjibu kwamba mtu anayesimamia usafi wa kata nzima hawezi kushindwa na nyumba moja. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kufunga sanduku lake.

Nilidhani kazi ya nyumba ni ile niliyokuwa nikiiona. Sikujua kwamba nilikuwa nikiona mwisho wake tu. Asubuhi nilikoroga uji, na wa pili akakataa kuunywa kwa sababu una madonge. Wa tatu alikuwa amepoteza kiatu kimoja, kila siku kimoja. Kitinda mimba alitaka kujua kama mama naye anakunywa uji huko Mwanza, nani anampikia, na kama huyo anayempikia ana watoto wake au anawataka wetu. Wa kwanza aligawa kazi kwa sauti ya mama yake, na wenzake wakamjibu kwamba yeye si mama. Nilipofika ofisini nilikuwa nimechoka kama mtu aliyekwishafanya kazi ya siku nzima, na siku ilikuwa bado haijaanza.

Miaka hiyo ya mwanzo wa themanini sabuni ilikuwa adimu. Ikija katika duka la kijiji, habari zilinifikia nikiwa mlimani kwenye choo cha mtu, na nikishuka nakuta foleni imekwisha na sabuni imekwisha. Tulifulia majani ya mpapai. Mchana nilisimama mbele ya akina mama na kuwahimiza wanawe mikono kwa sabuni, nao walinisikiliza kwa heshima tu. Siku moja mama mmoja mtu mzima, baada ya mimi kumaliza kumweleza umuhimu wa usafi wa mwili, aliniuliza taratibu kama nina mtu wa kunifulia. Nikaangalia kola ya shati langu, nikafunga daftari, nikaenda nyumba iliyofuata.

Mwezi wa tatu kichanja chetu cha vyombo kilianguka. Sikukisimamisha. Tukawa tunaweka sufuria juu ya jiwe, na kuku wakawa wanazikagua kwa niaba yangu.

Kilichonishinda kabisa ni nywele. Shule ilitaka msichana awe amesukwa vizuri au amekatwa, na mama yao alikuwa akiwasuka wote kila Jumamosi. Wa kwanza alijaribu kuwasuka wenzake, lakini kila aliyekaa mbele yake aliinuka analia au anagombana. Nikasema nitasuka mwenyewe. Nimewahi kufunga bandeji, kutia dawa visimani, na kupima mashimo ya vyoo kwa kamba, nikaona kusuka hakuwezi kuwa kigumu zaidi ya hayo. Nilimkalisha wa tatu kwa kuwa ndiye asiyelalamika. Baada ya muda mrefu nilikuwa na mistari mitatu, yote imekwenda upande mmoja wa kichwa, na mtoto ameinamisha shingo kama kuku mgonjwa. Wa pili alikuja akatazama, akasema ni afadhali waende shule hivyo hivyo na barua ya kuomba radhi.

Mwalimu mkuu alikuwa amekwishatuma ujumbe mara mbili. Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, nilichukua wembe, nikawanyoa wote wanne mpaka ngozi. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani sikuwa nafikiri. Niliona tu mbele yangu Jumamosi zote zilizobaki mpaka Disemba, nikataka ziishe.  Wa kwanza machozi yalimtiririka, akabaki anakusanya nywele zake chini kama mtu anayeokota mbegu. Wa pili, kichwa chake kikiwa kinang'aa, alisimama mbele yangu akasema, "Na wewe, baba. Kama ni usafi, ni usafi wa wote."

 Nilimpa binti wa kwanza wembe, naye akaninyoa, bila huruma na bila maji ya kutosha.

Kesho yake tukaenda kanisani. Tuliingia watano, tumeongozana, vipara vitupu, mama hayupo. Nilihisi kanisa limenyamaza, nikadhani wanashangaa nywele. Sikukumbuka kwamba kwetu familia nzima hunyoa hivyo inapofiwa. Ibada ilipokwisha, wazee walinijia nje mmoja mmoja, wakanishika mkono kwa mikono yao miwili, wakaniambia nijikaze. Mama mmoja aliwakumbatia wasichana akalia waziwazi. Kitinda mimba, alipoona watu wazima wanalia, akaanza kulia naye, na hapo wote wakaamini. Ilinichukua muda kueleza kwamba mke wangu ni mzima, yuko Mwanza anasoma. Wengine walielewa. Wengine walikuwa wameshaondoka na habari zao, na jioni ile watu walikuja nyumbani na maziwa na ndizi za kufariji wafiwa. Nilizipokea. Zilikuwa zimepikwa vizuri, na sisi tulikuwa na njaa.

Kaka yangu mkubwa alikaa juu, karibu na msitu. Alikuwa na watoto wa kiume watano, na kwa miaka mingi alikuwa akiniuliza, kila tulipokutana kwenye pombe ya mbege au kwenye mazishi, nani atabaki katika kihamba changu nitakapokufa. Kihamba ni ile ardhi ya nyumba, yenye migomba na kahawa, ambayo baba zetu walituachia na ambayo wao walizikwa ndani yake. Na kwa desturi yetu huachiwa wa kiume. Sikuwahi kumjibu vizuri. Nilikuwa nikisema Mungu atajua, na yeye akasema Mungu ameshajua, mimi ndiye sijui.

Habari za vipara zilimfikia. Wiki haikwisha akashuka, na mkungu wa ndizi begani, na nyuma yake mwanamke mmoja aliyebeba kifurushi kichwani. Mwanamke huyo alikuwa wa ukoo wa mke wake, kutoka Holili, mpakani. Alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, mkimya, mwenye macho yaliyotazama vitu vizuri kabla ya kuvigusa. Kaka alisema watu wote wanazungumza jinsi nyumba yangu ilivyoanguka, na kwamba huyu ndugu yao amekubali kuja kunisaidia kwa kuwa hana shughuli. Alipokuwa akisema "imeanguka" alitazama kichanja.

Nilipaswa kuuliza maswali. Sikuuliza hata moja. Nilisikia neno "kusaidia", na ndani yangu kitu kikalegea kama mzigo uliofunguliwa kamba. Nikasema karibu sana, nashukuru sana.

Kaka akawaita wasichana waje kuamkia. Wakapanga mstari, vichwa vyao vikiwa vimeanza kuota vinyweleo, wakasema shikamoo. Akawaambia, "Huyu mtamwita mama mdogo."

Wa pili alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Mama mdogo ni mdogo wake mama," akasema. "Huyu hatoki kwa kina mama. Ametoka upande wenu, baba mkubwa. Basi ni shangazi."

Kaka alicheka, lakini mdomo tu ndio uliocheka. Akasema watoto wa siku hizi wanasomeshwa mno, akaaga, hakukaa hata kunywa kahawa. Mimi nilimkemea binti yangu kwa kumkosoa mkubwa.  Mwanamke yule aliinama, akachukua kifurushi chake, akauliza jiko liko wapi.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na mche mzima wa sabuni. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, na sabuni ile haikuwa ya kwetu. Mimi, mtumishi wa serikali, niliuangalia mche ule juu ya meza yangu, nikasema asante.

Kuanzia siku ile nyumba yangu ilibadilika kwa namna ambayo sikuielewa. Sisemi kuhusu yule mama. Yeye alikuwa tayari kufanya kazi kama mtu mzima yeyote anayejua kazi. Ninasema kuhusu wasichana. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwaamsha kwa kuvuta blanketi. Sasa nilipoamka nilikuta wameshaamka wote, uwanja umefagiliwa, maji yameshatekwa mferejini, na uji uko mezani bila donge hata moja. Mgeni alipotoka chumbani, hakukuta kazi. Akitaka kwenda kukata majani ya ng'ombe, wa tatu alikuwa ameshayaleta. Akishika sufuria, wa kwanza aliipokea kwa adabu, akasema, "Pumzika, shangazi." Akichukua nguo za kufua, wa pili alizifuata mpaka mferejini, na shati langu hakukubali kabisa liguswe na mtu mwingine. Kichanja cha vyombo kilisimama tena. Walikata miti wenyewe, wakakifunga kwa magome ya mgomba, kikawa imara kuliko vile ninavyowachorea watu. Walimwita shangazi mara nyingi sana. Shangazi karibu chai, shangazi kaa hapa, shangazi umelalaje. Na kitinda mimba alihamishiwa chumbani kwangu, kwa agizo la dada yake mkubwa, kwa sababu ya kikohozi ambacho mimi sikuwahi kukisikia.

Nilifurahi. Nilisema moyoni kwamba watoto wa kike wanahitaji mfano wa mwanamke mbele yao, basi wanajirekebisha wenyewe. Ofisini nilimweleza mwenzangu jambo hilo kwa kirefu, kama utaalamu. Nilianza kurudi nyumbani nikiwa bado na nguvu kidogo. Nilikaa kwenye kiti uwanjani, nikaletewa mtori wa ndizi wa moto, nikanywa, nikasikia ng'ombe wanatafuna nyuma ya nyumba, nikaona dunia si mbaya. Hivyo ndivyo nilivyoishi wiki tatu.

Ilikuwa siku ya Jumatano, masika yamekolea. Mvua ilinirudisha mapema, saa kumi. Wasichana walikuwa bado shuleni, na kitinda mimba alikuwa kwa jirani. Yule mama alikuwa kibarazani anachambua maharage, kazi pekee ambayo nadhani walikuwa wamemwachia. Nikavua viatu, nikaketi mbali kidogo. Tulitazama mvua. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, kama mama watoto anarudi.

Nikasema ndiyo, Disemba, mafunzo yakiisha. Nikaongeza kwamba barua yake ya mwisho imekuja wiki ile na anaendelea vizuri.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Mimi niliambiwa hatarudi," akasema. "Niliambiwa amekwenda mjini, amepata maisha yake huko, na hapa kuna baba mwenye watoto wa kike wanne na kihamba kisicho na mtu. Niliambiwa nikae kidogo, watoto wanizoee, kisha wazee watakuja kuzungumza."

Nilisikia maneno yote, lakini yaliingia polepole, moja moja. Nilimwambia sikujua. Nilisema mara mbili. Akasema anaona kwamba sikujua. Ameona tangu wiki ya kwanza, na ndiyo maana ameuliza.

Akanieleza habari zake kwa kifupi, huku akirudia maharage. Mume wake alikuwa dereva wa lori, akafa kwa ugonjwa. Walikuwa wamepata mtoto mmoja, wa kike, mwenye miaka saba. Baada ya matanga ndugu wa mume walimwambia kwamba shamba ni la ukoo na yeye hana mtoto wa kiume wa kulirithi, basi akarudi kwa mama yake Holili na mtoto mkononi, akawa anauza vitunguu. Kaka yangu alikuwa amemwahidi kwamba mambo yakikaa sawa, atamleta na mtoto. Aliposema hilo alisimama, akaingia ndani na ungo wake. Mimi nilibaki kibarazani, miguu wazi, maji ya paa yakidondoka karibu na vidole vyangu.

Wasichana waliporudi niliwaita sebuleni nikafunga mlango. Niliwauliza kama wanajua yule mama amekuja kufanya nini. Wakatazamana. Wa tatu, ambaye hasemi, ndiye aliyesema.

"Baba mkubwa alileta mkungu wa ndizi," akasema. "Hajawahi kutuletea ndizi."

Nikawauliza kwa nini hawakuniambia. Wa kwanza aliinamisha kichwa chake chenye nywele fupi kama za askari. Akasema, "Tulifikiri unajua."

Nimeambiwa mambo mengi magumu maishani mwangu, mengine na watu waliokusudia kuniumiza, lakini sikumbuki lililoingia kama hilo. Wa pili akaona uso wangu. Akasema haraka kwamba yeye hakufikiri hivyo. Yeye alisema tangu mwanzo kwamba baba hajui, amechoka tu. Wakaanza kubishana hapo hapo, na nikaelewa kwamba jambo hilo walikuwa wamelijadili chumbani kwao na kulipigia kura. Kura zilikuwa mbili kwa mbili. Kitinda mimba alikuwa amepiga kwamba najua, lakini alipiga hivyo kwa sababu siku zote mimi husema najua.

Ndipo wakanieleza mpango wao. Haukuwa wa kumfukuza mgeni, kwa sababu mama yao aliwafundisha kwamba mgeni hafukuzwi. Walikusudia tu akose la kufanya mpaka achoke mwenyewe. Wa kwanza aliuandika wote katika daftari la hesabu, nani anaamka saa ngapi na nani anafanya nini. Nilitazama macho yao. Yalikuwa mekundu. Wiki tatu nzima watoto wangu walikuwa wakiamka kabla ya jogoo kunilinda, na mimi nilikuwa nikinenepa.

Asubuhi yake yule mama alifunga kifurushi. Wasichana, ambao ndio walioutaka mwisho huo, hawakuufurahia. Wa tatu alimletea chupa ya maziwa na kuifunga kwa jani. Wa kwanza alimkunjia khanga zake vizuri kuliko alivyowahi kukunja zake mwenyewe. Kitinda mimba alilia mpaka akatapika uji, akataka kujua kwa nini mtu aende kama hakufanya kosa. 

Nilimbebea kifurushi mpaka barabarani. Njia ilikuwa matope, tukashuka, yeye mbele mimi nyuma. Kituoni nilimwambia naomba radhi kwa alichofanya kaka yangu.

"La kaka yako ataniomba yeye," akasema. "Wewe niombe la kwako. Umefuliwa kwa sabuni yangu wiki tatu, hukuniuliza hata siku moja nina mtoto au sina."

Nilimwomba. Nilisema maneno ya kawaida, sikuwa na mengine. Akaitikia kwa kichwa. Gari lilipofika nikampandishia kifurushi, akakaa dirishani upande wa pili, sikumwona uso.

Siku ya pili nyumba yangu ilirudi ilivyokuwa. Nilivuta mablanketi. Uji ulikuwa na madonge, kiatu kimoja kilipotea, na wa kwanza na wa pili walipigania ndoo mpaka mpini ukang'oka. Nilikuwa natakiwa kukagua nyumba za upande wa pili wa mto. Nilichelewa saa nzima kwa kuwa nilikaa jikoni nikiwasikiliza wakigombana, na nilisikia nafuu, nikatamani waendelee kidogo.

Kwa kaka nilipanda Jumapili. Nilimkuta anapogoa kahawa. Nilimwambia yule mama amerudi kwao, na kwamba alichomdanganya ni dhambi. Alisema alifanya kwa ajili yangu na kwa ajili ya marehemu baba. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Kupanda tu kulikuwa kumenimaliza. Nilimwambia kihamba changu kitabaki na yule binti anayewakatia ng'ombe wangu majani, basi asijisumbue tena kuuliza. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Hatukusemezana miezi mingi. Kwetu mtu anayetaka kusamehewa huja na jani la sale mkononi. Yeye hakulileta, nami sikulingoja. Alipougua, miaka mingi baadaye, nilikwenda kumwona, tukazungumza habari za mvua.

Mke wangu nilimwandikia mwenyewe, kurasa nne, nikaeleza yote pamoja na mche wa sabuni. Jibu lake lilikuja baada ya wiki tano. Aliuliza afya ya ng'ombe, akaagiza kitinda mimba apewe dawa ya minyoo, na kuhusu lile jambo aliandika kwamba tutazungumza. Nilibeba neno hilo kuanzia Juni mpaka Disemba.

Alirudi wiki moja kabla ya Krismasi. Wasichana walimweleza wote wanne kwa pamoja kabla hajashusha sanduku, na alielewa kila kitu, sijui vipi. Mimi hakuniuliza neno. Baada ya sikukuu aliniambia nijitayarishe, tunakwenda Holili. Alibeba kitenge kipya alichonunua Mwanza, ambacho nilidhani ni chake.

Nyumba ya mama yake yule mwanamke ilikuwa ya udongo, imepigwa chokaa, nje kuna vitunguu vimetandazwa juani. Mke wangu alibisha hodi, akapokewa, na wakaingia ndani. Mimi nilipewa kigoda chini ya kivuli cha paa. Walikaa saa mbili. Nilisikia sauti zao lakini si maneno. Mara moja nilisikia wanacheka, na mara moja kimya kirefu sana. Mtoto wa kike mwembamba alitoka, akaniamkia, akasimama akinitazama. Safari hii niliuliza. Nilimwuliza jina, darasa, na anapenda kula nini. Alinijibu yote, kisha akaniuliza kama ni mimi niliyewanyoa watoto wangu mwenyewe.

Walipotoka, yule mama alikuwa amejifunga kile kitenge. Aliniamkia kwa utulivu, nikamwitikia. Mke wangu alinikabidhi kikapu cha vitunguu, kizito kweli, tukaondoka. Tukashuka Himo. Pale, tukingoja gari la kupanda Marangu, jua likiwa kali na mimi nikibadilisha kikapu mkono huu na mkono huu, aliniambia kwamba yule mtoto atakuja kwetu Januari, asomee shule ya wenzake, kwa sababu ya kwao iko mbali na mama yake anashinda sokoni.

"Nimeshakubali," akasema.

Nikamwuliza atalala wapi. Akasema na wa tatu. Gari likaja limejaa. Tukasimama njia nzima, kikapu katikati ya miguu yangu, na kila kona kitunguu kimoja kilitoka kikabingirika chini ya viti vya watu, nami nikainama kukitafuta.

Mtoto alikuja Januari kama ilivyosemwa. Uji wa madonge, ambao bado niliukoroga mimi, hakuutaka naye.